Koroboi Aliyoiomba Baba Yako

Bugomora, siku moja kabla ya safari yako

Kamugisha wangu, niliyekuzaa mwenyewe bila msaada ila wa Mungu na mkunga mmoja kiziwi,

Salamu nimekupa asubuhi ulipokuwa ukifunga viatu, sina haja ya kuzirudia kwenye karatasi. Sasa uko kwa shangazi yako, mnakula mbuzi wa kuagana, na mimi nimesema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nimebaki ili niandike wakati jua bado liko juu na mistari naiona vizuri, maana haya niliyo nayo siwezi kukuambia tukitazamana. Kesho nitakupa barua hii mkononi. Isome ukiwa ndani ya lori, lakini uimalize kabla ya Igurwa. Mwisho utaona kwa nini.

Utaona pia mwandiko. Katekista wetu alisema mwandiko wangu ungefaa vyeti vya ubatizo, na alisema mbele ya watu, sikumtuma. Nilisoma miaka miwili tu, mmoja wa katekisimu na mmoja wa kushona, lakini niambie ni mama gani mwingine hapa Bugomora atamwandikia mwanawe barua bila kumwita mtu amshikie kalamu. Na ni mama gani mwingine ana mwana anayekwenda Mwanza kutembea chini ya ziwa na kupanda juu akiwa mzima. Nimewaambia wote kanisani. Wengine hawakuamini, nikawaambia shauri yao.

Mambo ya kufua, kusali, kutokopesha shati lako, hayo nimekuimbia tangu umeota meno. Siyaandiki.

Naandika kuhusu ule mtungi.

Jumapili ile nilikuwa namenya ndizi, ukachukua kijiti ukanichorea uani. Ukasema, "Mae, mtungi huu naubeba mgongoni kama mtoto."

"Mtoto wa chuma?"

"Wa chuma. Ndani mna hewa. Nikishuka kutazama nguzo za gati, napumua hiyo."

"Nani ameitia humo?"

"Mashine. Inavuta hewa ya nje, inaishindilia. Halafu kuna geji, kitu kama saa, inaonyesha mtungi umejaa."

"Umejaa nini?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Hewa, Mae! Ulitaka washindilie nini tena, maharage?"

Nikakuacha ucheke. Nikauliza hiyo mashine inakula nini, ukasema petroli. Nikauliza moshi wake unatokea wapi. Ukasema pembeni. Pembeni mwa ule mdomo unaovuta hewa? Hapo ulijikuna kichwa kwa kile kijiti, ukasema, "Mae, wewe wangekupa uinjinia. Usihangaike. Fundi wetu ni mzoefu, huwa anainusa kwanza."

Hapo ndipo nilipojikata kidole. Ulifikiri ni ukali wa kisu.

Kamugisha, sasa nikueleze habari za pua.

Wewe umeanza kukumbuka nimeshaacha kupika rubisi, kwa hiyo hujui mama yako alikuwa nani. Kutoka hapa mpaka mtoni, mtu akioza binti yake aliulizwa, "Pombe anapika nani?" Akisema Kemilembe, watu walikuja hata bila kualikwa. Nilikuwa sionji. Wenzangu walionja, wakatema, wakaonja tena, mpaka jioni wanaimba wenyewe. Mimi niliinamia mtumbwi wa kukamulia nikanusa mara moja, nikasema, bado siku moja, au, leo, itoeni. Sikukosea. Ndizi zikiwa zimefukiwa nilijua zimeiva kabla ya kufukuliwa, kwa kupita tu karibu na shimo. Baba yako alikuwa akiwaambia wageni, "Msimdanganye huyu, atanusa." Nami nilivimba. Nilikuwa kijana, mzuri, nina mume mwenye kazi machimboni na mtoto wa kiume mgongoni. Nivimbe lini tena?

Baba yako alichimba bati. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kila asubuhi, kabla hajashuka kwenye shimo lake, aliteremsha koroboi kwa kamba mpaka chini, akaitazama ikiwaka, akaipandisha, ndipo akashuka yeye. Nyapara alimsubiri kwa makelele, wenzake walimwita bibi harusi kwa kujichelewesha. Hakubadilika. Siku moja alitueleza hapa hapa jikoni kwangu. Tulikuwa wawili tunaosikiliza, mimi na jirani yetu Ma Kokushubira, mjane aliyekuwa akija kunisaidia kumenya. Alisema shimo refu linaweza kuwa na hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, na taa ndiyo inayoijua. Taa ikizimika, na mtu atazimika. Ma Kokushubira aliacha kumenya, akauliza maswali, inakuwaje, inatoka wapi. Mimi nilikuwa nasubiri amalize ili niwaambie jinsi rubisi yangu ilivyosifiwa na chifu mdogo.

Chini ya kibanja chetu, pale penye migomba mirefu ambapo nimekukataza kucheza maisha yako yote, palikuwa na shimo. Watafuta bati walilichimba kabla sijaolewa, hawakupata kitu, wakaliacha. Kina chake watu watatu wakisimama mabegani. Unajua mashimo yetu ya kuivishia ndizi, yanafika kifuani tu. Basi shangazi yako alipoposwa, na upande wa mume ukaja na majina ya wageni yasiyokwisha, mimi nikaona ufumbuzi ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuuona. Niliwaambia, tumieni lile shimo la bati. Litabeba ndizi za harusi nzima kwa mara moja.

Watu walinisifu hata kabla halijajaa. Tuliteremsha mikungu kwa kamba, tukatandika majani, tukaacha makaa yanayofuka kwa chini ili joto liziharakishe, tukafunika juu kwa majani na udongo. Kila siku nilipita pale na kunusa. Siku ya tano nikasema, kesho asubuhi.

Asubuhi ile walikuja wengi, na upande wa bwana harusi walikuja mapema kutazama maajabu yangu. Tulifunua. Ikapanda harufu, mwanangu, tamu, tamu, hata watoto walisogea. Ngazi ikateremshwa. Baba yako akasimama ukingoni, akaniita.

"Mama Kamugisha, niletee koroboi."

"Ya nini, na jua lote hili?"

"Niishushe kwanza."

Nilijua anachosema. Andika hilo moyoni: nilijua. Koroboi ilikuwa jikoni, hatua kama ishirini. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi na shimo langu, na nikasikia kana kwamba amesema mbele ya wakwe kwamba chakula changu kichunguzwe sumu. Nikainama pale ukingoni, nikavuta pumzi kwa nguvu ili wote waone. Nikasema kwa sauti, "Jamani, njooni mumwone mume wangu. Ameshuka machimbo yote ya bati, leo anaogopa ndizi!"

Wakacheka. Bwana harusi alicheka kuliko wote.

Nami nikaongeza. Midomo yangu ilikuwa na moto siku hiyo. "Hili si shimo la bati, Baba Kamugisha. Ni shimo la ndizi. Pua yangu imeshashuka na kurudi. Humo mna harusi tu."

Alinitazama. Hakukasirika. Ningemshukuru angekasirika. Alivua shati akalitundika kwenye mgomba, taratibu, kama mtu anayeingia kuoga, akashuka.

Mkungu wa kwanza ulipanda. Wa pili ukapanda. Wa tatu kamba haikuvutwa. Tulichungulia tukamwona ameketi juu ya ndizi, kichwa amekiegemeza ukutani. Naandika sasa neno nililosema, kwa sababu ni lazima uwe na mama mzima, si nusu. Nilisema, "Mwangalieni, amelewa kabla haijakamuliwa."

Wakacheka tena. Kicheko hicho cha pili ndicho ninachokisikia nikichota maji, nikipalilia, padri akiinua kikombe.

Bwana harusi ndiye aliyeona kwanza kwamba hajibu. Akavuta kanzu yake juu, akaweka mguu kwenye ngazi. Ma Kokushubira akamkamata kanzu kwa nyuma, mwanamke mdogo yule, akamwangusha chali kwenye majani. Akakimbilia jikoni kwangu akarudi na mwenge wa majani makavu ya mgomba unaowaka, akaufunga kwenye kamba, akaushusha. Uliwaka vizuri mpaka kina cha mtu mmoja. Halafu ukazimika ghafla, kama mtu aliyeufumba kwa kiganja. Akawasha wa pili. Ukazimikia pale pale.

"Asishuke mtu," alisema. "Hewa ya humo imekufa."

Walimtoa baba yako kwa kitanzi cha kamba. Ilichukua muda mrefu. Alikuwa bado ana joto la shimo mwilini, nikadhani yu hai, nikamwita kwa jina lake la kupewa na mama yake. Ndizi zilikuwa zimeiva sawasawa, Kamugisha. Pua haikukosea ndizi.

Sasa sikiliza lililofuata, maana kifo cha baba yako ni kosa la ulimi wa asubuhi moja, lakini hili nimelifanya kila siku kwa miaka kumi na tisa.

Baada ya maziko watu walikaa hapa uani na kuulizana. Mtu mzima, mwenye nguvu, amekufa ndani ya ndizi? Mmoja akasema, "Mmeona moto ulivyozimika mkononi mwa yule mjane? Mara mbili." Mwingine akasema, "Na alijuaje kabla ya wote?" Bwana harusi naye, ambaye kanzu yake ilikuwa bado na alama ya vidole vya yule mama, akasema, "Mimi aliniangusha. Nilihisi nguvu si ya mwanamke." Ndiyo, huyo huyo. Mume wa shangazi yako anayekukatia nyama saa hii.

Wakanigeukia. "Wewe mwenye msiba, unasemaje?"

Nilikuwa na jibu lote. Ningesema, alijua kwa sababu marehemu alitueleza sote wawili, na yeye alisikiliza. Lakini ningesema hivyo, wangeuliza, na marehemu mwenyewe hakujua? Ningelazimika kusema aliomba koroboi. Wangeuliza, na koroboi ilikuwa wapi?

Nikasema, "Mimi sijui. Mimi nimefiwa."

Maneno hayo tu. Hakuna mtu aliyenisikia nikimsingizia, na kwa muda mrefu nilijiambia hilo lilikuwa jambo. Siku ya pili walivunja paa lake, wakakata migomba yake ikiwa na mikungu michanga. Aliondoka na mbuzi mmoja na kikapu, kwenda kwa kaka yake Igurwa. Alipita mlangoni pangu nikiwa nimeketi nimekupakata. Hakupiga kelele. Alisema, "Kemilembe, na wewe ulikuwepo siku ile alipotueleza." Nikaangalia miguu yangu.

Tangu hapo sikupika rubisi. Watu wanasema ni heshima kwa mume wangu, wananitolea mfano kwa wajane wadogo. Wanasema, mwoneni Kemilembe. Nami nimewaacha wanione.

Unakumbuka ule mwaka tulipokwenda Igurwa kwa sikukuu ya kipaimara? Ulikuwa na miaka kumi hivi. Mama mmoja mzee alisimama njiani, akanyoosha mkono, akasema, "Huyu ndiye mtoto wa yule mchimbaji? Amefanana naye." Ukaficha mikono nyuma. Ukatema mate chini, ukasema, "Mchawi." Ulikuwa umelisikia neno hilo likisemwa nyumbani kwangu, juu ya vyungu vyangu, na sikulizuia hata mara moja. Yule mama akanitazama mimi, hakukutazama wewe. Nikakushika mkono tukaendelea, na mbele kidogo nikakuvunjia muwa.

Mtoto mwenye adabu namna yako, unayeamkia hata walevi. Ni huyo mmoja tu duniani uliyemnyima shikamoo, naye ndiye aliyestahili.

Kwa hiyo uliposema fundi atainusa, usishangae damu kwenye ndizi. Fundi wako simjui. Huenda ni mtu mzuri na amejaza mitungi mingi. Mimi pia nilikuwa nimefukia ndizi nyingi. Ile geji yako nayo nimeiwaza sana, nikiwa napalilia. Inakuambia mtungi umejaa. Shimo langu nalo lilikuwa limejaa.

Nilikwenda machimboni Jumatano, sikukuambia. Nilimwuliza yule dresa mzee wa zahanati ya pale, aliyemjua baba yako. Nilimchorea mtungi wako na mashine yake kwa kidole mezani. Akaniuliza nani amenifundisha, nikasema nimejifundisha, na ni kweli. Alisema moshi wa petroli ukiwa mwembamba hauonekani wala haunuki, na mtu akiupumua akiwa amebanwa na maji atalala kabla hajajua. Alisema mdomo wa mashine uwe juu na upande upepo unakotokea, moshi uende unakoelekea, na upepo wa ziwa hugeuka, kwa hiyo mtu asimame pale kutazama kazi yote ya kujaza, si mwanzo tu. Akasema kampuni kubwa zina vichupa vya kioo ambavyo hewa yenye sumu huvibadilisha rangi. Omba hicho kichupa. Nimeyaandika kama alivyosema, sikutia chumvi, nawe unajua chumvi kwangu haikosekani.

Watakucheka. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuliko mambo ya upepo. Utasimama kwenye gati umevaa chuma mgongoni, wazungu wenye kazi wanasubiri, wenzako wanasubiri, na wewe utasema, kwanza nionyeshwe hewa hii ilijazwaje. Mmoja atasema neno la kuchekesha. Litakuwa la kuchekesha kweli. Baba yako hakushindwa na hewa, alishindwa na kucheka kwa watu wanaompenda, na aliyewachekesha alikuwa amemzalia mtoto. Ukihisi uso unakuwa moto na mkono unataka kuvua shati ili yaishe, nikumbuke mimi. Nikumbuke nikiwa nimeinama pale ukingoni, nimevuta pumzi, najisikia malkia.

Na akiwa ni mtu unayemheshimu anayekuambia ni salama, hata akiwa ni mimi, mwambie asubiri.

Sasa la Igurwa. Lori litasimama pale kupakia kahawa, dereva amenihakikishia, nami nimemtisha kidogo. Ma Kokushubira yu hai. Ameinama na macho yamefifia, lakini yu hai, nyumba yake iko juu ya barabara, nyuma ya kisima. Ndani ya sanduku lako kuna kahawa ya kutafuna niliyoichemsha na kuikausha mwenyewe, nimeifunga kwa jani la mgomba. Mpe kwa mikono miwili. Mwamkie, na asipoitika usiondoke, mwamkie tena. Akikubali kutafuna, tafuna naye.

Kisha msomee barua hii. Hajui kusoma. Isome yote, uani, si chumbani. Kama majirani watasogea kusikiliza, waache wasogee, pandisha sauti. Yeye alitajwa uani mbele ya watu. Usiruke mahali niliposema nilijua. Usiruke pia mahali nilipojisifia, atacheka, ananijua.

Mimi nitamwambia shangazi yako na mume wake mwenyewe, kesho hiyo hiyo, ukishaondoka. Nimelisema hapa ili nisiweze kurudi nyuma, maana najijua. Baada ya hapo sijui Bugomora watanitazamaje. Huenda ukirudi hutakuta tena mama wa kutolewa mfano. Utakuta Kemilembe.

Huenda na wewe hutaki kurudi kwake. Sitakulaumu, ingawa nitalia, na ninalia kwa sauti kubwa kuliko wanawake wote wa hapa, hilo nalo wanalijua.

Nasikia mbwa wa njiani, mnarudi. Nimalize.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya shati lako la kanisani, utakuta koroboi. Ni ile ile. Nimeisugua kwa majivu, nimeitia utambi mpya. Najua haishuki majini, usinicheke. Iweke mahali utakapoiona ukivaa chuma chako. Baba yako aliiomba na sikumletea. Wewe sikusubiri uiombe.

Mama yako,
Kemilembe